Kilichofukiwa Chini ya Jengo la Pili

"Toka kwenye shimo hilo, shemeji."

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, msomaji, na wengine mmenilaumu kwamba nimewaacha roho juu siku saba nzima. Haya, tugeuke pamoja tumwone mwenye sauti.

Chekeche aligeuka. Alikuwa amesimama kwenye shimo la kina cha kiuno, pembeni kabisa mwa jengo la pili, beleshi mkononi. Juu ya beleshi ilikaa pampasi ya mtoto, imekunjwa na kufungwa vizuri kama ilivyotupwa na mwenyewe. Aliyekuwa ukingoni, jua la asubuhi mgongoni na kofia ya plastiki kichwani, alikuwa msimamizi wa ujenzi. Mume wa mdogo wake.

"Bosi yuko njiani," msimamizi akasema. "Toka."

"Hii ni nini?"

"Si unaiona."

"Naiona. Nataka uitaje wewe kwa mdomo wako."

Msimamizi alitazama upande wa barabara, akavuta kofia yake chini.

Kwa aliyefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, maneno machache tu. Mji ule umekaa juu ya mchanga laini wenye maji karibu. Tetemeko la miaka miwili nyuma lilipopita, mchanga uligeuka uji, na nyumba zikazama huku wenyewe wakiziangalia. Udongo mzuri wa kuwekea msingi unatoka mbali, na vilima vya karibu vimechimbwa vikaisha. Mwanamke huyu, fundi wa maabara ya udongo, alitumia miaka sita kujaribu kitu cha kuweka mahali pa udongo huo, kitu alichokipata kwenye ndoo za taka za majirani zake.

Si taka hivihivi. Maganda na mabaki ya chakula yalitengwa. Majivu ya jikoni, vyombo vilivyovunjika, chupa zilizosagwa na plastiki iliyokatwakatwa vikaanikwa, vikapitishwa kwenye chekeche, vikachanganywa na chokaa, kisha vikashindiliwa tabaka juu ya tabaka. Mchanganyiko ulikuwa mwepesi, mkavu, na ukitikiswa ulikaa. Watu walianza kumwita Chekeche kwa kumcheka. Sasa walimwita hivyo kwa heshima.

Chini ya jengo la pili palitakiwa pawe na mita mbili za mchanganyiko huo. Alichokikuta kwenye beleshi lake kilikuwa jalala bichi, limemwagwa kutoka kwenye lori na kufunikwa kwa kifusi cha unene wa kiganja.

"Ulijua?" akauliza.

"Shemeji, twende tukazungumze ofisini."

"Nimekuuliza ulijua."

"Nilijua tangu lori la kwanza." Sauti ya msimamizi ilikuwa ndogo. "Bosi alisema mchanganyiko wako unachelewesha kazi. Kukausha wiki mbili, kushindilia wiki tatu. Akasema taka ni taka, chini ya zege nani ataona."

Chekeche akapanda kutoka shimoni bila kushika mkono alionyooshewa. Mikono yake ilinuka. Hakuifuta.

"Nakwenda kuwatoa watu," akasema.

"Kabla hujakwenda, soma hii."

Msimamizi alichomoa karatasi ndani ya shati lake. Kilikuwa cheti cha kipimo. Jengo la pili, msingi wote, umeshindiliwa ipasavyo na unafaa kubeba ghorofa tatu. Chini kulikuwa na muhuri wa maabara, na juu ya muhuri sahihi ya Chekeche mwenyewe, na ule mkia mrefu anaoupenda mwishoni.

Alisoma mara mbili.

"Soma tarehe," akamwambia msimamizi.

"Shemeji..."

"Soma."

"Jumanne. Tarehe tisa. Saa tatu asubuhi."

"Saa tatu asubuhi ya siku hiyo wewe ulikuwa wapi?"

"Mazikoni."

"Mazikoni kwa nani?"

"Kwa baba mkwe."

"Ulishika jeneza upande gani?"

"Mbele. Kulia."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Nyuma yangu."

"Basi umeiweka karatasi hii kifuani kwako muda wote huo," Chekeche akasema polepole, "unaniona mezani kwa mama kila Jumapili, unaniomba nikupitishie chumvi, na unajua siku niliyokuwa namzika baba yangu ndiyo siku nimeambiwa nilipima udongo."

Chekeche alikuwa ameshampa mgongo, pampasi bado ipo juu ya beleshi, ameibeba mbele yake kama mtu aliyebeba kaa la moto.

Asubuhi ile ndiyo iliyokuwa ya kukabidhiwa funguo. Watu walikuwa wakiingiza magodoro, masufuria, kabati lisilo na mlango, cherehani. Familia ishirini na nne zilizokuwa kwenye mahema tangu tetemeko. Na chumba cha chini, pembe ileile aliyoichimba, kilikuwa cha mama yake.

Mama alikuwa juu ya kigoda, anapima pazia.

"Mwanangu, hata salamu?"

"Shikamoo, mama. Shuka."

"Marahaba. Sishuki, nishikie huku."

"Mama, shuka tutoke nje. Jengo hili chini yake hakuna kitu."

Mama aligeuza kichwa tu. "Miaka miwili nimelala chini ya turubai. Mvua ikinyesha, nasimama wima mpaka ikatike. Leo nimeingia humu nikauegemea ukuta huu kwa mgongo wangu wote, nikasubiri usogee, haukusogea. Mtu asinitoe kwenye ukuta wangu, hata kama nimemzaa."

"Utasogea. Siku ardhi ikitikisika utasogea na wewe ndani."

"Chini kuna taka zetu. Nimezichambua kwa mikono hii. Si wewe uliyetufundisha? Si wewe uliyesimama na lile chekeche lako ukatuambia, akina mama, mnajijengea wenyewe?"

"Si zenu, mama. Zilizomo si zenu."

Akaiteremsha pampasi sakafuni, kwenye saruji mpya iliyofagiliwa.

Mama aliitazama. Kisha akashuka kigodani, mguu mmoja, halafu wa pili, akainama akaitazama kwa karibu.

"Pampasi tulizikataa tangu siku ya kwanza," akasema. "Mke wa kinyozi alileta moja, nikamrudishia mkononi mbele ya watu. Mpaka leo hatusalimiani."

"Najua."

"Basi hii haikutoka kwetu."

"Haikutoka kwenu."

"Umeitoa wapi?"

"Hapo nje. Chini ya kitanda chako, ungekuwa umeshakitandika."

Mama alikunja pazia. Alilikunja mara mbili, mara nne, akaliweka juu ya kigoda, akalilainisha kwa kiganja. Chekeche aliyejua hasira za mama yake alirudi nyuma hatua moja. Mama akachukua sufuria kubwa na mwiko, akatoka nje, na kuanza kuligonga sufuria lile kwa nguvu ambayo mtu asingedhani imo ndani ya mwanamke wa umri wake.

"Tokeni," alisema katikati ya mapigo. "Wote. Mwenye mtoto ambebe, mwenye mgonjwa aseme tumsaidie. Godoro liache."

Walitoka. Wanawake waliochambua taka miaka sita hawakuhitaji maelezo marefu. Waliitazama ile pampasi, wakatazamana, wakaenda kuchungulia shimo mmoja mmoja, wakarudi na nyuso zilizobadilika. Wanaume ndio waliouliza maswali, na wake zao ndio waliowajibu.

Gari la bosi likaingia.

Mafundi walimwita Bosi Tai. Wengine walisema ni kwa sababu anavaa tai hata kwenye vumbi la saruji; wengine walisema ni kwa sababu ya ndege yule mwenye kucha. Alishuka na utepe mwekundu mkononi, nyuma yake ofisa wa polisi aliyealikwa kulinda sherehe. Aliona watu nje, aliona shimo, aliona beleshi. Hakubadilika hata ukope.

"Dada yangu," akamwambia Chekeche kwa upole, "umeharibu sherehe ya watu."

"Umefukia jalala chini ya watu."

"Mimi?" Bosi Tai akamgeukia msimamizi, akanyoosha mkono, na msimamizi, kwa mazoea ya kutii, akampa karatasi. Bosi akainua juu. "Ndugu wananchi, mimi ni mjenzi, si mtaalamu wa udongo. Nilimwajiri mtaalamu. Cheti hiki kinasema msingi ni salama. Naomba niwasomee jina la aliyetia sahihi."

Akalisoma. Jina lote, la Chekeche na la baba yake.

Ule uwanja uliokuwa naye dakika moja iliyopita ulimgeuka. Kilichoanza kilikuwa mnong'ono, kisha sauti ya mwanamume mmoja nyuma: "Kumbe ni yeye mwenyewe."

"Kala nao, wamekosana kwenye mgawo," akasema mwingine.

"Miaka sita tunamwanikia makopo."

Mke wa kinyozi alitema mate chini, karibu na kiatu cha Chekeche.

Ofisa wa polisi akamsogelea Chekeche. "Mama, sahihi hii ni yako?"

"Imeigwa."

"Muhuri?"

"Muhuri ni wa kweli. Unakaa kwenye droo yangu maabara. Aliyeutoa kwenye droo yangu simjui, na nitamjua."

"Hayo utayaandika kituoni," Bosi Tai akasema. "Afande, usimwonee, lakini jengo likiwa bovu, wa kujibu ni yeye. Na likiwa zima, ametia watu hofu bure. Vyovyote vile ni yeye."

Alikuwa ameupanga mtego vizuri. Chekeche aliuona wote, kutoka mlangoni mpaka kamba. Na badala ya kuogopa akahisi hasira yake inatulia, inakuwa nzito na baridi tumboni kama jiwe la kusagia.

"Afande," akasema, "kabla hujanichukua, nipe dakika kumi. Karatasi imeshasema yake. Sasa tuiulize ardhi."

Akaionyesha kwa kidole mashine ya kushindilia, ile yenye gurudumu la chuma kama pipa kubwa, ambayo mafundi waliiita rola. Ikiwashwa, gurudumu lile hutetema mpaka meno ya dereva yanagongana.

"Jengo la kwanza lile pale lilijengwa mimi nikiwapo, kila tabaka nikilipima kwa mikono yangu. Rola ikatetemeke kando yake, hatua tano kutoka ukutani. Kisha ije hapa, hatua tano zilezile. Kama chini kote kuna kitu kimoja, kutatokea kitu kimoja, na mimi nitapanda gari lako mwenyewe bila kushikwa mkono."

"Upuuzi," Bosi Tai akasema. Lakini alisema haraka mno. Watu walisikia.

"Kwa nini ni upuuzi?" Mama akauliza, sufuria bado mkononi. "Rola si ya kwako? Jengo si la kwako? Cheti si unacho?"

Bosi akamwendea dereva wa rola, akamnyang'anya ufunguo, akautia mfukoni. "Mitambo ya kampuni si ya kuchezea."

Kisha msimamizi akavua kofia yake ya plastiki, akaiweka chini, akatoa mfukoni ufunguo wa akiba.

"Ukiwasha hiyo," Bosi Tai akamwambia, "kazi huna."

"Kazi nimeiacha tangu saa moja asubuhi," msimamizi akajibu. "Nilikuwa tu sijapata nafasi ya kukwambia."

Chekeche alimtazama anavyopanda. Hakumsamehe. Alimwuliza mama, "Ndani hakuna mtu?"

"Nimepita milango yote ishirini na minne kwa miguu yangu. Hata paka yuko nje."

Rola ilikwenda kwanza kwenye jengo la kwanza. Iliunguruma, ikatetema, vumbi likaruka. Mtu mmoja alikuwa ameacha glasi ya chai kwenye dirisha la chini; chai ilichezacheza, ikatulia ndani ya glasi. Dakika mbili. Ukuta ulikaa kama hauhusiki.

Ikarudi. Hatua tano kutoka jengo la pili. Msimamizi akasukuma mtambo.

Mwanzo hakukuwa na kitu, na Bosi Tai akaanza kutabasamu. Kisha, chini ya ukuta, mahali saruji inapokutana na ardhi, likatokea tone. Likawa michirizi. Maji meusi yenye kunuka yalibubujika kutoka chini ya msingi kama usaha kwenye jipu lililobanwa. Mwanamke mmoja alifunika pua ya mtoto wake.

Ule ukuta ukalia. Si kwa kishindo. Ulitoa mlio mkavu, kama mtu anavunja kuni gotini, na ufa ukatoka pembeni mwa dirisha la mama ukapanda mpaka ghorofa ya pili, unapanda mbele ya macho yao bila haraka. Pembe nzima ya jengo ikashuka. Upana wa kiganja tu. Lakini kila aliyekuwapo aliuona mlango wa chumba kile ukipinda na kujifunga wenyewe.

"Zima," Chekeche akapaza sauti.

Msimamizi akazima. Akashuka.

Mama alisimama anautazama ukuta wake aliouegemea asubuhi. Hakulia. Alisema, "Ningekuwa nafunga pazia."

Hapo uwanja ukapasuka. Bosi Tai alikuwa ameshafika kwenye gari lake, lakini mbele ya gari walisimama wanawake kumi na tano, mikono kiunoni, na mke wa kinyozi alikuwa wa kwanza. Hawakumgusa. Walisimama tu, na kila alipopiga honi walisogea hatua moja mbele. Utepe mwekundu ulikuwa umeanguka chini, mtu keshaukanyaga.

Ofisa wa polisi akatazama karatasi, akatazama ufa, akaikunja karatasi akaitia mfukoni mwake mwenyewe. "Wote wawili mtakuja kuandika maelezo," akasema. "Lakini bosi ndiye atakayekaa kiti cha nyuma, katikati."

Ungedhani mambo yameisha, msomaji. Chekeche naye alidhani. Alikaa juu ya tofali. Ni mama aliyeuliza.

"Zetu ziko wapi?"

"Zipi, mama?"

"Taka zetu. Zile tulizochambua. Miaka sita hazipotei kama sindano." Akamgeukia mkwewe. "Wewe uliyekuwa unahesabu malori. Zetu zilikwenda wapi?"

Msimamizi alichora chini kwa ncha ya kiatu. "Mtaa wa Kilimani. Chini ya nyumba mpya ya bosi. Alitaka msingi wa uhakika."

Mtu mmoja akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. Chekeche hakucheka. Kuna kitu kilikuwa kimemkwama kwenye hesabu.

"Jalala lilikuwa malori mangapi?" akauliza.

"Hamsini."

"Shimo hili halimezi hamsini. Linameza ishirini, likizidi sana."

Msimamizi akafuta mchoro wake kwa soli ya kiatu.

"Thelathini yako wapi?"

"Shemeji, mimi nilitaka kukwambia. Kila Jumapili nilitaka..."

"Thelathini yako wapi?"

"Shuleni," akasema. "Yale madarasa mapya ya ghorofa."

Chekeche alisimama. Alimwangalia mtu huyu aliyemwoa mdogo wake, aliyembebea baba yake jeneza, aliyepanda rola mbele ya watu kama shujaa. Na jambo alilokuwa nalo kichwani kwa wiki nne likakutana na hili alilolisikia sasa.

"Mwezi uliopita uliwahamisha wanao shule," akasema. "Ulituambia kule kwingine hesabu zinafundishwa vizuri."

Msimamizi aliinamisha kichwa.

"Uliwatoa wako. Ukamwacha binti yangu."

"Niliogopa ungeuliza kwa nini."

Alimpiga kofi. Moja tu, kwa mkono ule ule ulionuka jalala, na kabla sauti yake haijaisha alikuwa ameshageuka anakimbia. Binti yake alihamia madarasa ya juu Jumatatu. Ghorofa ya pili, dawati la tatu, karibu na dirisha. Alijisifu kwamba anaona mji wote.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Mapumziko ni saa nne kamili.

Alikimbia akipita kwa fundi baiskeli, kwa muuza mkaa, kwenye uchochoro wa nguo zilizoanikwa, shuka bichi likamnasa usoni akalivuta chini na kamba yake. Nyuma alisikia sauti ya mama ikimwita. Alikuwa amefika kona ambapo paa la shule linaonekana, buluu, jipya, linang'aa kwa jua, wakati barabara ilipoinuka chini ya miguu yake na kumtupa magotini.

Safari hii hakukuwa na rola yoyote.

Alishika ardhi kwa mikono miwili na ardhi haikushikika. Ukuta wa bustani upande wa kushoto ukalala chini kama mtu aliyechoka. Vumbi likapanda mbele yake, likafunika barabara, likafunika miti, na lilipokuwa linafunika paa la buluu alisikia kengele ya shule. Iligonga, ikagonga, bila kupumzika, na Chekeche, magotini katikati ya barabara, hakuweza kujua kama ni mkono wa mtu unaowatoa watoto nje, au ni ardhi yenyewe inayoitikisa.